Kompyuta ya Konsolata Ilipogoma Kuwaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa tai. Tai, jamani, kwenda kufungua mashine za watu! Karakana ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Gisenyi, mji ambao ninyi vijana mnauita Rubavu. Mkuu wa karakana, ambaye kila mtu alimwita Chef, alinitazama kuanzia viatu hadi shingoni, akaniuliza kama nimekuja kuoa.

"Hapana, Chef. Nimekuja kazini."

"Bon. Toa ile kamba mu shingo. Ikiingia mu feni ya mashine, nani atakuzika?"

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mimi nilikuwa nimerudi nchi ya wazazi wangu kutoka Bukoba, nilikozaliwa na kujifunzia ufundi wa redio, tayari nina mke na mtoto. Chef alikuwa amerudi kutoka Goma, hatua chache tu ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Changu alikiita Kiswahili ya mu kitabu. Alinicheka nacho miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, nami hadi leo nasema yeye ndiye aliyeiharibu lugha.

Kompyuta zilizoletwa kwetu zilikuwa za maofisini, nyingi zimeshachoka huko zilikotoka. Ikiletwa isiyowaka, dawa yetu ya haraka ilikuwa kuisafisha. Kusafisha maana yake unatia disketi, kile kibamba cha plastiki kilichobeba programu za kuanzishia, unaiamuru mashine ifute diski ngumu yote, yaani ghala lake la ndani, halafu unapanga programu upya. Mashine inawaka, mteja anaondoka anacheka. Kwa kazi hiyo nilikuwa moto wa kuotea mbali, na nilijisifu bila haya.

Chef hakuwa na haraka hiyo. Kabla hajashika bisibisi, alimkalisha mteja kwenye benchi na kumuuliza maswali mawili: "Hii mashine inalala wapi? Na iko na nini mu ndani?" Swali la kwanza lilimweleza ugonjwa. Mashine iliyolala jikoni ilikuwa na masizi, ya kando ya ziwa ilikuwa na kutu, na ya ofisi yenye wali mezani ilikuwa na panya. Swali la pili mimi niliona ni umbea tu. Yaliyomo ndani ya mashine ya mtu yananihusu nini?

Asubuhi moja Chef alivuka kwenda Goma kutafuta vipuri, akaniachia karakana. Akaingia dada mmoja, jina lake Konsolata, amekumbatia furushi. Aliteremka kutoka Bugeshi, kule juu chini ya volkano, kwenye baridi na viazi. Alifungua blanketi, ndani yake kitenge, ndani ya kitenge mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kompyuta ya kupakata, ya zamani hata kwa wakati ule, nzito kama tofali.

"Kaka, inakataa kuwaka tangu juzi," alisema. "Na mi ninaitunza vizuri. Kila jioni nikimaliza kazi ninaifunga hivi, isisikie baridi."

Hapo hapo ningepaswa kuelewa. Huko Bugeshi mtoto hulazwa amefunikwa gubigubi, naye aliitunza mashine vivyo hivyo. Aliifunga ingali na joto la kazi, usiku ukaipoza, na unyevu uliobanwa kwenye plastiki ukageuka maji ndani yake. Lakini sikuuliza chochote, nikaifungua tu. Chini ya kibodi palikuwa pamelowa. Nikaikausha juani dirishani, nikasugua miguso ya shaba kwa raba na spiriti, nikairudishia. Baada ya saa sita mchana ikawaka, na Konsolata akapiga makofi.

Ikawaka, lakini ikaandika kwamba haina diski. Kuna betri ndogo, saizi ya kifungo cha koti, inayoikumbusha mashine saa, tarehe na aina ya diski iliyo nayo. Ile ilikuwa imeoza kwa maji. Mashine ilikuwa imesahau ghala lake lenyewe. Nikaichagulia aina ya diski kwa kubahatisha, ikajibu kwamba imeiona lakini haisomi kitu. Basi, nikasema moyoni, dawa ninayo. Nikatia disketi, nikaandika amri ya kufuta, mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Konsolata akainuka kwenye benchi. "Kaka, batoto banaonekana?"

"Watoto gani?"

"Batoto benye niliandika. Biko mu ndani."

Nikaondoa mkono. Akanieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kunywea. Alifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao njiani, watu walipokuwa wakikimbia vita na kurudi. Watoto hao waliokotwa na kulelewa na majirani wema huko juu na upande wa Busasamana. Daftari lake lilikuwa na majina na nyumba wanazolelewa tu.

"Jina haisaidii," alisema. "Mutoto wa miaka mitatu anapewa jina na mutu mwenye alimuokota. Mama yake atamujua namna gani? Mi niliandika maneno yenye mutoto mwenyewe anasema. Iko humo tu. Na siku ya posho bamama banakuja."

Siku ya posho, yaani Jumamosi ya kugawiwa chakula cha msaada, ilikuwa kesho yake. Nilizima mashine, nikaketi sakafuni.

Chef aliporudi nilimweleza yote, hata kidole. Nilitegemea atafoka. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akasema polepole, "We, uliuliza iko na nini mu ndani?"

"Sikuuliza, Chef."

"Donc ulitaka kuuwa batu yenye haujue." Afadhali angefoka. Maneno yale yalinichoma, na yalistahili.

Akanionyesha kazi. Diski ngumu ina kibandiko chenye namba tatu: silinda, vichwa na sekta. Ni vipimo vya jinsi ghala lilivyogawanywa vyumba. Ukiipa mashine namba zile zile, inayaona yaliyomo. Ukikosea, inaona takataka. Tukaichomoa diski. Loo! Maji yalikuwa yamekipitia kibandiko. Vichwa vilisomeka, sekta zilisomeka, lakini kwenye silinda tarakimu ya kwanza ilikuwa imevimba, huwezi kujua kama ni tatu au nane.

"Tukikosea je?" Konsolata aliuliza, mikono kichwani. "Mana yanjye, Mungu wangu, tukikosea?"

"Mama, roho yako itulie," Chef alimwambia. "Kusoma haiuwi. Kuandika ndiyo inauwa. Leo hatuandike kitu."

Tukaingiza nane. Takataka. Tukaingiza tatu. Mashine ikakoroma, kioo kikawa cheusi, kisha majina ya mafaili yakaanza kushuka moja baada ya jingine. Konsolata alilia waziwazi, akamkumbatia Chef, akanikumbatia na mimi, nami sikustahili. Tulinakili kila kitu kwenye disketi tatu kabla ya kuzima.

Betri ya kubadilisha haikupatikana Gisenyi wala Goma. Hiyo maana yake kila mara mashine ikiwashwa, lazima mtu aingize zile namba upya. Konsolata alikataa katakata kuzigusa. Kwa hiyo Jumamosi alfajiri Chef alinipakia kwenye gari la ofisi yao pamoja na mashine. "Nenda ukaone kitu ulitaka kufuta," alisema.

Huko Bugeshi kina mama walikuwa wamejipanga kwenye nyasi, wamejifunika vitenge kwa baridi. Konsolata alikuwa na utaratibu wake. Mama anaeleza mtoto wake alikuwa na umri gani na walipotezana wapi. Konsolata anatafuta, anasoma nusu ya maneno ya mtoto, kisha ananyamaza. Mama wa kweli atamalizia mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyozuia mtu kuchukua mtoto asiye wake, hata kwa uchungu wa kumpoteza wake.

Wa kwanza hakupata. Wa pili na wa tatu pia, wakarudi kwenye nyasi. Wa nne alikuwa mwanamke mwembamba kutoka ufukweni, muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Konsolata alitafuta kwa muda mrefu, akasoma: "Mama anauza sambaza. Jioni akirudi..." Akanyamaza.

Yule mama aliangalia mikono yake. "Ninamunusisha mikono," alisema kwa sauti ndogo. "Ninamunusisha, anakimbia, anacheka."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Konsolata, naona mstari wote kwenye kioo. *Jioni akirudi ananinusisha mikono yake, mi ninakimbia.* Konsolata alitikisa kichwa kukubali. Mtoto aliletwa baadaye mchana, na hayo ni yao, sitayaandika.

Baadaye nilihamia kufundisha kwenye shule moja upande wa Nyundo, chini ya mkuu wa masomo aliyependa taarifa za kurasa kumi. Kisha nikawa fundi wa ofisi ya serikali hadi nilipostaafu. Siku hizi vijana mnaniletea simu zilizokufa, mnasema, "Muzee, futa tu, ianze upya." Nakukalisha kwanza. Nakuuliza iko na nini mu ndani, kwa Kiswahili kile kile nilichokuwa nikikicheka. Mnakereka, najua. Kerekeni tu.

Miaka ile nilipanda Bugeshi kila Jumamosi kuingiza zile namba, hadi ofisi ile ilipofungwa. Konsolata alisoma nusu, akanyamaza, na mara nyingi kimya kile hakikujibiwa. Mvulana mmoja alisema baba yake alipokuwa akimbeba alimhesabia hatua. Msichana mmoja alisema kwao kulikuwa na mlango wa bluu na bibi aliyeogopa kuku. Hakuna aliyekuja kuimalizia mistari hiyo. Ningali naikumbuka yote, neno kwa neno, endapo kuna atakayekuja kuuliza.