Kabula na sumaku zilizotetemeka ndani ya chuma

Tangu jana nafungua simu, naandika mstari, nafuta. Rafiki yangu Kabula hayupo tena. Shinikizo la damu limemchukua ghafla akiwa likizo kwao Buseresere.

Wengi mnaniuliza alikuwa anafanya kazi gani huko Ulaya. Ngoja niwaambie, maana yeye angewaambia bila kuombwa!

Alikuwa mwanafizikia. Alichunguza aina ya chuma kilichochanganywa na elementi nyingine. Ukikipoza sana, umeme unapita ndani yake bila kupotea hata kidogo. Kwa nini? Wataalamu bado wanabishana. Kabula alilitaka hilo jibu kuliko kitu chochote.

Siku moja uani, mama yake, ambaye sote tunamwita Mayu, alimuuliza kazi hiyo inafanywaje. Kabula akamwonyesha ng'ombe wao. Alisema ndani ya chuma kuna sumaku ndogo mno, huenda ndizo zinazousaidia umeme kupita, nazo zimesimama kama kundi lile la ng'ombe. Nyutroni ni chembe inayoingia na kumshtua mmoja, kisha mshtuko unasambaa kundi zima. "Mimi nasoma namna mshtuko unavyosambaa, Mayu."

Mayu akajibu kwamba kazi hiyo hata yeye anaiweza. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Sampuli yake ilikuwa vipande vyembamba kama ukucha. Alivibandika kimoja kimoja kwenye bati la alumini, vyote vikitazama upande mmoja. Ilimchukua miezi.

Ndipo akapewa beam time, siku chache tu za kutumia mashine ya nyutroni. Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya pili, vipimo vilivyovurugika tu, kelele tupu. Msimamizi wake akamshauri amwachie mwenzake nafasi.

Kabula alikataa. Aliomba asubuhi moja tu. Akagundua kwamba bati lilijipinda kidogo lilipopoa, vipande vikatazama pembeni. Akaligeuza taratibu, akasubiri.

Mimi nilikuwa staff room hapa Geita, nasahihisha madaftari, simu ikaita. Sijawahi kumsikia vile.

"Mwalimu, sumaku zinatetemeka! Nikipoza tu, signal inapanda, na inapanda palepale nilipotabiri!"

Nikaweka loudspeaker. Walimu wote, hadi yule wa Historia, tukapiga makofi bila kuelewa vizuri tunashangilia nini.

Majuzi ikaja barua kwamba matokeo hayo yatachapishwa. Aliisoma kwa sauti mara mbili, Mayu amemshika mkono. Nashukuru Mungu aliiona.

Kabula, Mayu hatutamwacha peke yake. Jumatatu nina kipindi cha sumaku na Form Six, na sijui sauti yangu itakuwaje. Nitaingia hivyohivyo. Nitawaambia binti wa Buseresere alikaa mbele ya mashine, akakataa kuondoka, akaona.

Pumzika sasa, mwenzangu.