Kiwanda cha Mafuta ya Pamba Kinyinya

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba kidogo nyuma ya kliniki moja ya mtaa wa Kiyovu, na humo nashinda na jasi, nta, nyaya na misumeno myembamba kama uzi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaosikia kwamba nina treni nyumbani kwangu Kinyinya hudhani niliagiza kila kitu Ulaya kikaja kwenye boksi. Nilichoagiza ni reli, kichwa cha treni na mabehewa yake, vyote vilivyotumika. Kiwanda nimekijenga mwenyewe, ukuta kwa ukuta, kwa jasi ileile ninayomiminia meno.

Nimezaliwa Tanzania, katika mji mdogo wa pamba uliokuwa kando ya reli, ambako wazazi wangu walikimbilia kutoka Rwanda wakiwa bado vijana. Mama alikuwa mshonaji wa magunia katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Reli ndogo ilichepuka kutoka njia kuu, ikapita kwenye geti la kiwanda, halafu ikagawanyika: moja kwenye ghala la mbegu, nyingine kwenye matangi ya mafuta, ya tatu kwenye banda la mashudu alikokaa Mama na sindano yake kubwa. Mchana, mimi na kaka zangu tukitoka shule, tulisimama kwenye uzio tukitazama mabehewa yakipangwa. Kichwa cha treni kilivuta behewa lililojaa, kikaliweka pembeni, kikarudi kuchukua tupu na kulisukuma mpaka mlangoni pa banda. Wenyewe waliita kushanti. Treni ya abiria ilikuwa inapita tu na kupotea, lakini hii ilibaki mbele ya macho yetu ikihangaika, na sisi tulibishana itafanya nini baadaye. Mara nyingi nilipatia, na kaka zangu hawakupenda.

Rwanda haina reli. Watoto wangu wamekua wakidhani treni ni kitu cha kwenye televisheni. Binti yetu wa mwisho alipoolewa, chumba chake kikabaki kitupu, na mimi nikamwambia mume wangu ninachotaka kukifanyia.

"Chumba cha wageni unataka kukifanya stesheni?" aliuliza.

"Si stesheni. Kiwanda."

"Na hiyo treni itakuwa inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inapanga mabehewa."

Mume wangu amekulia Bujumbura, ni mtu wa hesabu na wa maneno machache. Alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, mama watoto. Lakini wageni wakija, mimi nitawaambia walale kwenye behewa."

Meza yake, ndefu na nyembamba, niliichongesha kwa fundi wa mtaa wa Kimisagara. Aliniuliza mara kadhaa hicho ni kitanda cha nani, na nilipomweleza ni cha treni, alicheka hadi akaweka randa chini. Hata hivyo aliichonga vizuri, haitikisiki. Nikalaza reli, nikaunganisha nyaya, nikaanza kujenga. Ghala la mbegu lilichukua Jumapili nyingi. Mabati ya paa niliyakunja kutoka kwenye karatasi ya alumini, nikayapaka kutu kwa rangi tunayopaka ufizi wa bandia. Matangi ni makopo ya dawa. Kibanda cha mlinzi getini nilikipenda kuliko vyote, maana nilikiwekea hadi dirisha linalofunguka.

Ilipokamilika, nilimwita mume wangu awe wa kwanza kuendesha. Kazi niliyompa ilikuwa rahisi: atoe behewa lililojaa kwenye banda la mashudu, alete tupu. Alikaa kwenye kiti, akashika kidude cha kuongozea, akaenda mbele, akarudi nyuma. Akasimama.

"Sasa linatokaje?"

"Rudi nyuma zaidi."

"Reli imeisha."

Nilikaa mimi. Nikasukuma, nikavuta, nikajaribu kuzungukia upande wa matangi. Hakuna. Kipande cha reli cha mwisho, kile ambacho kichwa cha treni kinapaswa kurudi nyuma pamoja na mabehewa yake kabla ya kugeukia njia nyingine, kilikuwa kifupi. Kichwa kilitosha peke yake, ila kikivuta behewa havikutosha. Nilikuwa nimeikata reli pale kwa sababu meza iliishia pale, na nilikuwa nimeshughulika mno na madirisha.

"Liinue kwa mkono," mume wangu alisema kwa upole. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nilifunga mlango wa chumba kile, na kwa muda sikuingia. Niliona aibu hata kukitazama kile kibanda chenye dirisha. Lakini kazini nikaanza kukata vipande vya karatasi ngumu, kila kimoja urefu wa behewa, na wakati wa chakula nikawa navipanga juu ya meza ya kliniki. Daktari alipita akadhani nacheza karata. Kwa vipande vile nilipata jibu: reli ile ilihitaji kuongezwa urefu wa behewa moja na nusu, na kibanda cha mlinzi, kilichosimama njiani, kingebomolewa. Tatizo ni kwamba mwisho wa meza ulikuwa umegusa kabati la nguo, kabati zito la mninga ambalo mume wangu alirithi kwa mama yake.

Nilimweleza nikijua jibu. Aliingia chumbani, akalizunguka kabati, akaligonga ubavuni kwa vidole. Kisha akaenda kuleta keekee.

"Litobolewe," alisema. "Mama yangu mwenyewe angetaka kuona treni inaingia kabatini."

Siku ile alitoboa yeye, taratibu, akasugua kingo kwa msasa hadi zikawa laini. Mimi nikabomoa kibanda, nikapitisha reli ndani ya kabati, katikati ya mashuka na blanketi. Tulipojaribu tena, kichwa cha treni kilivuta behewa lililojaa, kikapotea kabatini chote, kikatulia, halafu kikatoka kinyumenyume na kushika njia ya pili bila kuyumba. Mume wangu alipiga kofi moja kubwa, kisha akataka arudie yeye.

Mama alikuja kutoka Huye, anakoishi na dada yangu. Sikumwambia chochote, nilimkalisha tu mbele ya meza. Alivaa miwani, akainama, akaifuata reli kwa macho kuanzia getini. Hatimaye akaweka kidole mlangoni pa banda la mashudu.

"Hapa nilikuwa nakaa mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Na pamba iko wapi? Kule kila kitu kilikuwa cheupe, mwanangu. Hadi nyusi zetu."

Nilikuwa na pamba ya kliniki kwenye mkoba. Tulikaa wawili mchana ule tukiichambua nyuzinyuzi na kuibandika kwenye paa, kwenye uzio, kwenye magurudumu ya mabehewa. Alinisimulia kuhusu wanawake aliokuwa akishona nao, nani aliimba vipi, nani aliazima sindano yake asiirudishe. Mengine sikuwahi kuyasikia.

Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja za mtaa, baada ya kufyeka na mkutano, mume wangu aliwaalika majirani. Walijaa chumbani na viatu vya tope mkononi. Jirani mmoja aliyekulia Uganda aliuliza, "Abiria iko wapi?"

"Hakuna abiria. Mizigo tu," nilimjibu, nikampa kidude aendeshe.

Alikwama mara moja. Basi wote wakawa walimu: huyu anamwelekeza kwa Kinyarwanda, yule kwa Kiswahili, mzee mmoja kwa Kifaransa, na kila mmoja ana njia yake. Sikusaidia. Nilitaka waitafute. Behewa tupu lilipofika mwishowe mlangoni pa banda, walishangilia kama tumefunga goli.

"Mukecuru, hii ilijengwa na nani?" jirani huyo alimuuliza Mama, akimwita bibi kwa Kinyarwanda.

Mama alininyooshea kidole bila kugeuka, macho yakiwa kwenye mabehewa. "Huyo. Na kiwanda kilikuwa hivyohivyo."

Nilisimama mlangoni, mikono nyuma. Chakula cha wageni kilikuwa kimepoa sebuleni, na hakuna aliyekiulizia.