Damu Iliyosoma Gazeti

Kosa langu la kwanza katika safu hii ya gazeti lilikuwa kitunguu saumu. Niliandika kwamba punje tatu mbichi kila asubuhi zinamfaa kila mtu, nikairekebisha sentensi hiyo mara tisa, koma baada ya koma, bila kumuuliza yeyote kama ni kweli. Aliyenifunza kuuliza ni muuguzi wa meno wa hapa Kalemie, na Jumamosi tumemzika.

Alikuwa na desturi yake kabla ya kung'oa jino. "Pumua hapa, Papa," alisema, na mgonjwa akampumulia usoni. Akinusa kitunguu saumu, alimrudisha nyumbani kwa siku kumi. Mimi nilikuwa mtiifu kwa safu yangu mwenyewe, punje tatu kila asubuhi, na jino lilikuwa likiniua, kwa hiyo nilitafuna mnanaa njia nzima nyuma ya pikipiki. Aliponiuliza kama nimekula kitunguu saumu, nilijibu hapana. Aling'oa. Damu ikatoka, ikaendelea kutoka. "Muongo mwenye kunukia vizuri," alisema, akanijaza pamba mdomoni. Kisha akawaeleza waliokaa kwenye benchi kwamba ndani ya damu kuna vichembe vinavyokimbilia kidonda na kushikana ili kukiziba, na kitunguu saumu kina kitu kinachovizuia kushikana. "Vya huyu vinapitana tu, havisalimiani. Damu yake inasomaka gazeti yake."

Benchi zima lilicheka, isipokuwa mama mmoja. "Mimi pia ninafuataka ile gazeti," alisema. "Na niko nakunywa dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu isigande."

Muuguzi aliacha kucheka. "Muandishi, mujibu mama."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba. Nikachukua kalamu ya muuguzi na karatasi, nikaandika: Mama, dawa ya moyo uendelee nayo. Kitunguu saumu cha asubuhi uache leo, na umwambie daktari wako. Nilikosea. Sikufuta neno hata moja. Mama alisoma polepole. "Muandiko mubaya," alisema, "lakini nimeelewa."

Sisi tuliojifunza kuandika wenyewe huogopa sana kuchekwa kwa koma. Muuguzi yule aliogopa jambo moja tu, damu isiyokatika, na hakuona aibu kunusa vinywa vya mji mzima kwa ajili yake. Juzi kwenye matanga nilijikuta nikinusa sahani ya samaki kabla ya kula. Tangu siku ile ya pamba, nikitaka kusifu mmea wowote hapa, ninaandika kwanza ni nani asiuguse.