Bi Ramani Afanya Mtihani wa Fizikia

Wanafunzi walimwita Bi Ramani kwa sababu hakuwahi kuingia darasani bila ramani kwapani. Alikuwa mwalimu wa jiografia, tena aliyelipenda somo lake. Akisimulia mto, mto ulitiririka mle mle darasani. Akieleza volkano, hata waliozoea kusinzia walikaa macho. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia alipohamishwa bila kuletwa mwingine, na mkuu wa shule akamwita ofisini na kumpa kitabu kimoja kilichochanika jalada, Bi Ramani alidhani ameitwa kukitia gundi.

"Fizikia ya kidato cha tatu ni yako sasa," mkuu alisema.

"Mkuu, mimi fizikia niliiacha nikiwa kidato cha pili. Shule yetu haikuwa na mwalimu."

"Basi utawaelewa vizuri hawa watoto. Jiografia si inahusu dunia? Na fizikia nayo haiko mwezini. Jitahidi, Mwalimu."

Muhula mzima alijitahidi kwa njia pekee aliyoijua: jioni anakisoma kitabu, asubuhi anakihamishia ubaoni, watoto wanakihamishia kwenye madaftari. Chaki ilitembea, kalamu zikatembea, akili za wote zikabaki palepale. Naye alilijua hilo, ila aliomba Mungu asitokee mtu wa kulisema.

Akatokea binti mmoja mwembamba wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimbandika jina la Kwanini na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa.

"Mwalimu, samahani. Kanuni hii ya umbali ina nusu. Hiyo mbili ya chini imetoka wapi?"

Bi Ramani aliitazama ile mbili. Ilikuwa mwandiko wake mwenyewe, na hakuwa na habari nayo.

"Imetoka kwenye kitabu," akajibu.

Darasa zima likaangua kicheko. Kwanini peke yake hakucheka. Alisema, "Asante, Mwalimu," akainamisha kichwa na kuendelea kunakili. Kicheko kile Bi Ramani angeweza kukimeza. Ile asante ndiyo iliyomkwama kooni.

Siku ile hakula mchana. Alirudi nyumbani akamkuta mumewe, ambaye ni kinyozi, amefunga saluni kidogo aje apate chakula, na mama mkwe wake anachambua mchele uani, miwani imemshukia puani.

"Nimeamua kufanya mtihani wa fizikia," alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Ule ule wa kidato cha nne. Nitajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea."

Mama mkwe akauacha mchele. "Mkwe wangu, wewe ni mwalimu. Mtihani si unatunga wewe?"

"Natunga nisichokijua, Mama."

"Haya. Na chungu kitakaa jikoni na nani?"

"Na mimi," mumewe akadakia. "Mashine ya kunyolea haijanishinda, mwiko utanishinda?"

"Mwiko hautakushinda," mama yake akasema. "Chumvi ndiyo itakayokushinda."

Shuleni hakukuwa na mzaha. Mkuu alipopata habari alimwita tena, safari hii akafunga mlango. "Mwalimu, unataka kutuaibisha? Wazazi watasema shule yao ina mwalimu asiye na cheti cha somo analofundisha."

"Na watakuwa wamesema kweli, Mkuu."

"Je, ukifeli?"

"Nitarudia. Aibu yangu ninaiweza. Ya kuwasimamia watoto wa watu na kuwapotezea miaka yao, hiyo siiwezi."

Mkuu akafungua mlango. Kwenye chumba cha walimu, mwalimu wa historia akawa akimwona tu anamwuliza kama ameshanunua sare. Bi Ramani alicheka naye, akapiga moyo konde. Maji alikuwa ameshayavulia nguo. Hana budi kuyaoga.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa gumu kuliko mengine yote: aliwaambia wanafunzi. Alisimama mbele ya kidato cha tatu akasema, "Swali la Kwanini sikulijua jibu lake. Bado sijalijua. Tutalitafuta wote, na atakayelipata kwanza awafundishe wengine, hata kama mwingine huyo ni mimi." Wanafunzi walitazamana, kwa maana hawakuwahi kusikia mwalimu akisema "sijui" bila kukasirika.

Jibu lilimjia njiani. Mumewe alikuwa akimbeba kwa baiskeli kutoka sokoni. Walipofika juu ya mteremko aliacha kukanyaga, baiskeli ikaanza kushuka yenyewe, pole pole, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ya kushikisha roho mkononi.

"Wastani!" Bi Ramani akapiga kelele.

Mumewe akabana breki nusura waende mtaroni. "Nini kimedondoka?"

"Hakuna! Tumeanza na sifuri, tumemaliza na kasi kubwa. Katikati hatukuwa na ile ya mwanzo wala hii ya mwisho, tulikuwa na wastani wake! Ukijumlisha kasi hizo mbili unagawanya kwa mbili! Ndiyo ile mbili!"

"Mke wangu," kinyozi alisema akihema, "mbili zako zitatuua wawili."

Kesho yake baiskeli iliingia darasani. Hakuandika kanuni hata moja mpaka kila mtu alipoeleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini baiskeli inayotoka kusimama haiwezi kufika mbali kama iliyokuwa mbioni tangu mwanzo. Kwanini alisikiliza, akafikiri, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu somo lile lianze. "Kumbe haikutoka kwenye kitabu," akasema.

Tangu hapo kila mada ilitafutiwa kitu cha kushika. Vioo viwili vilivyopasuka saluni vilifundisha mwanga unavyorudi: ukivisimamisha vikitazamana na kuweka kipande cha chaki katikati, chaki zilijipanga kwenda mbali hadi jicho lichoke. Siku ya lenzi aliomba miwani ya mama mkwe. Walifunga madirisha yote isipokuwa moja, wakaishika miwani mbele ya karatasi nyeupe, wakaisogeza na kuirudisha, mpaka dirisha lenyewe likaonekana juu ya karatasi, dogo, safi, miti ya nje ikiwa miguu juu kichwa chini. Mayowe yalimleta mkuu mbio akidhani kuna nyoka. Alipooneshwa, naye aliinama akatazama kwa muda mrefu. Nyumbani, mama mkwe alivaa miwani yake akaikagua kwa mashaka. "Msije mkaiharibu, mimi nikaanza kuwaona watu kichwa chini."

Siku za mtihani, Bi Ramani alikwenda kituo cha mjini, kwenye shule kubwa yenye maabara. Karatasi ya nadharia ilimwendea vizuri. Ya vitendo ndiyo iliyomtoa jasho. Mezani aliwekewa betri, waya na mita ya kupimia umeme. Mita hiyo aliijua kwa picha tu. Alipounganisha waya, mshale uliruka upande usiokuwa na namba, ukagonga ukuta wa kisanduku chake. Kijana wa meza ya pili alikuwa ameshajaza nusu ya jedwali lake. Bi Ramani akafumba macho, akajiambia umeme ni kama mto, una kutokea na kwendea. Akabadilisha ncha za waya. Mshale ukapanda kwa adabu.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu, alama ya wastani, si ya kupigiwa vigelegele. Mama mkwe alipiga hata hivyo, majirani wakatoka nje kuuliza ameolewa nani.

Lakini yeye mawazo yake yalikuwa kwenye ule mshale. Watoto wake hawatakutana na mita kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, hilo aliapa. Akamwendea mkuu wa ile shule ya mjini kuomba maabara siku za Jumamosi. Akakataliwa: vifaa vitavunjika. Akarudi. Akaambiwa asubiri. Akarudi tena, safari hii ameandamana na mkuu wake mwenyewe aliyevaa suti, na huyo ndiye aliyezungumza. "Hawa watoto wetu wamejifunza lenzi kwa miwani ya bibi bila kuivunja," alisema. "Mita yenu hawataivunja." Mlango ukafunguliwa, kwa sharti la kufagia na kupanga vitu kabla ya kuondoka. Walifagia mpaka korido.

Kidato kile kilipofanya mtihani, wapo waliofeli, na Bi Ramani hakuwaficha wala kuwasahau. Aliwaita mmoja mmoja, na waliotaka kurudia aliwapangia jioni zake. Lakini waliofaulu walikuwa wengi kuliko miaka yote ya nyuma ikiwekwa pamoja. Kwanini alimpita mwalimu wake kwa madaraja mawili mazima. Alikuja kumwambia akiwa ameinamisha macho, kana kwamba amemwibia.

"Inua uso," Bi Ramani alimwambia. "Ulitaka nifundishe nini, kunifuata nyuma?"

Mwaka uliofuata aliletwa mwalimu wa fizikia, kijana mwenye shahada. Mkuu akawaita wote wawili ofisini, akamshukuru Bi Ramani, akamwambia sasa apumzike na milima yake.

"Milima nitaifundisha, Mkuu. Na fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili nitabaki nayo. Huko ndiko tunakowapoteza watoto. Huyu mwenzangu achukue wa juu, mimi nitamletea watu."

Mkuu alimtazama yule kijana, kijana akaitikia kwa kichwa haraka, maana alikuwa ameshaoneshwa ratiba na vipindi vilimtisha. Bi Ramani akasimama, akaomba ruhusa. Kidato cha kwanza walikuwa wanamsubiri, na alikuwa amewaahidi kwamba leo wataondoka na maswali mengi kuliko waliyokuja nayo.