Siku Niliyoomba Mkono Wangu Ukatwe

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia katika shule moja karibu na Bondo. Niliandika ubaoni kwa mkono wa kulia, na jioni nilipalilia sukuma wiki kwa mkono huohuo. Sikuwahi kuufikiria.

Msimu mmoja wa mvua nilikwenda nyumbani, Asembo Bay, kubadilisha mabati ya jiko la mama. Bati moja liliteleza kutoka juu ya paa. Nilinyoosha mkono huo wa kulia kulizuia, na ukingo wake ukanipasua kifundo cha mkono upande wa kidole kidogo. Niliona mafuta ya manjano chini ya ngozi kwanza, kisha damu. Nilipelekwa hospitali Kisumu, ambako waliunganisha neva iliyokatika na kushona ngozi. Baada ya wiki sita lilibaki kovu jembamba, safi.

Maumivu yenyewe yalianza wakati huo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa na ganzi, na bado viliwaka kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Upepo wa feni ulinichoma. Kifungo cha shati kikigusa kovu, mshtuko ulipanda hadi kwapani.

"Hii imepona," alisema mke wangu, Akinyi, akilitazama kovu kwenye mwanga wa dirisha. "Sasa inauma nini, Baba Achieng?"



Huku kwetu, anayefika msibani humpa mkono kila aliyeketi, safu baada ya safu. Mjomba wangu alipofariki, nakiri kwamba niliiwaza mikono ile yote kabla ya kumwaza marehemu. Nikafunga bandeji nyeupe juu ya kovu lililokwisha kupona, ili nisamehewe kusalimu. Wengi walinipa pole wakapita. Mzee mmoja aliitazama bandeji.

"Mwalimu, hiyo bandeji ni ya lini? Ama digrii imekataa mikono yetu?"

"Bado kuna kidonda, Mzee."

"Basi hicho kidonda kimezidi ndama wangu umri."

Watu walicheka, nami nikacheka. Bandeji sikuivua kwa miezi minne. Vidole vilikakamaa, na maumivu yakazidi hata nikashindwa kuvumilia shuka. Ndipo nilipokwenda tena Kisumu, kwa daktari wa neva, mama mtulivu wa rika langu, nikamwambia sentensi niliyoifanyia mazoezi njiani: "Naomba mkono huu ukatwe."

Hakushtuka. "Nikikata, nitakuwa nimejeruhi neva nyingine. Huenda ukabaki na maumivu, na mkono usiwe nao. Ngoja nikuchoree."

Alichora. Neva ilipokatika, nyuzi zake zilijaribu kuota upya. Baadhi zilipotea njia, zikajikunja kuwa fundo ndani ya kovu. Kwenye utando wa kila uzi kuna vilango vidogo vinavyopitisha sodiamu. Vikifunguka, ujumbe husafiri. Katika fundo vilikuwa vimejazana kupita kiasi, vikifunguka bila kuguswa. Ujumbe huo usiokoma ulifika kwenye uti wa mgongo, ukaziamsha seli za ulinzi, nazo zikamwaga kemikali zilizofanya seli za maumivu zisisimke kwa jambo dogo. Seli za kutuliza zikadhoofika. Ndiyo maana upepo ulipokelewa kama moto.

"Kwa hiyo sijifanyi?" niliuliza.

"Hujifanyi, Mwalimu. Lakini hiyo bandeji inaambia ubongo kila siku kwamba kuna hatari. Nipe miezi mitatu. Ukitaka tukate baada ya hapo, tutaongea."

Alinipa vidonge vya kutuliza neva, ambavyo wengine hupewa kwa kifafa, dozi ikipanda polepole. Wiki mbili za kwanza nilipepesuka kama mlevi. Bandeji aliivua mwenyewe. Nyumbani Akinyi aliusugua mkono kila asubuhi kama tulivyoelekezwa, ili ubongo uzoee tena kuguswa: pamba, kisha leso, kisha taulo, na mwisho gunia.

"Hii ni pamba tu. Unalia?"

"Silii."

"Basi twende kwa taulo."

Nilimchukia kwa siku kadhaa, na sikumficha.

Miezi mitatu ilipokwisha, daktari aliuliza kama tukate. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa yamepungua kiasi cha kuniruhusu kulala na kushika kikombe. Nilimwambia hapana. Leo, asubuhi za baridi, fundo lile bado hutuma habari zake za uongo. Nazisikia, kisha naendelea na kazi.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na namshukuru Akinyi, ambaye hakuacha kusugua hata nilipomtolea maneno mabaya. Kwako wewe ambaye kidonda chako kimefunga na bado kinawaka, sema mapema, hata kama hakuna la kuonyesha. Na kabla hujaomba kiungo chako kiondolewe, omba kwanza uelezwe.