Kioo kilichoamka kabatini

Jana kioo hiki kilikuwa kimekufa. Leo kimetoa umeme, na hakuna mutu aliyekigusa!

Ni kipande cha sola ya perovskaiti, fuwele zinazogeuza mwanga kuwa umeme, tunachojaribu shuleni. Tabaka la ogani, utando mwembamba wa kupitisha umeme, nililipaka mimi, na jana halikupitisha umeme.

Prof wetu wa fizikia alisema: "Kesho kikibaki hivi, ninakitupa, na wewe unatoka kwenye kikundi cha majaribio."

Akakifungia kabatini.

Leo saa sita tumekiweka dirishani. Sindano ya mita ya umeme ikapanda polepole.

Rafiki yangu Furaha akarudi nyuma: "Weye, umekiroga?"

"Ni hewa ya kabatini, usiku kucha," Prof akamujibu. "Chumvi mwenzako aliyochanganya kwenye rangi ya tabaka inalisaidia kunywa oksijeni, ndipo linapitisha umeme."

Nimeelewa. Lakini nywele bado zimenisimama.

Kisha akanipa kioo kipya: "Hiki utakipaka peke yako."

Nyinyi mungekishika?