Maji Yasiyokuwa na Mkondo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaielewa vizuri, ingawa nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikitengeneza mchezo wa video na rafiki yangu Bienvenu katika chumba tulichopanga mtaani Makiso, kando ya mto. Mchezaji alipaswa kuvusha mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto. Mimi nilichora, yeye alishughulikia mwendo.

Nilitumia miezi minne kwenye maji tu. Kila wimbi lilimeta, hata vivuli vya mawingu niliviweka. Bienvenu aliponiomba nipunguze, maana kompyuta ilikuwa inalemewa na ilikuwa imebidi mkondo wa maji alioutengeneza uondolewe, nikamwambia kazi yake ni ya kitoto. Aliondoka, asirudi.

Nikamwita tonton Lokwa, mdogo wa mama yangu, aliyekuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Nilitaka sifa, nisikufiche. Alicheza kidogo tu.

“Maji iko muzuri,” akasema. “Lakini mutumbwi haiko mu maji.”

“Si huo hapo, tonton?”

“Inatembea tu. Mukondo iko wapi?”

Nikachanganyikiwa. Ili aone tulikotoka, nikamfungulia toleo la kwanza la mchezo wetu: mistari ya bluu, mtumbwi kama ganda la ndizi. Akacheka. Kisha mkondo wa Bienvenu ukaubeba ule mtumbwi, naye akainama upande kwenye kiti, akakaza mabega. Alipofika ng'ambo alipangusa jasho.

“Hii, mutu wa mto ndiye alitengeneza.”

Mtu wa mto gani? Bienvenu alizaliwa Bafwasende, msituni, na kuogelea hajui. Nilimtafuta, nikamwomba radhi, nikamwuliza alijuaje nguvu ya mkondo.

“Mimi naogopaka maji,” akasema. “Nilikumbuka tu vile niliogopa.”

Alinisamehe, lakini alikuwa ameshapata kazi nyingine, na mchezo wetu haukukamilika. Bado najiuliza. Maji yangu yalifanana zaidi na ya mto kuliko yake, na bado yake ndiyo yalimtoa tonton jasho.

Basi chukua hili, mwanangu, hata kama mimi mwenyewe sijalimaliza. Ukitaka picha iwe ya kweli, uliza kwanza inamfanya nini mtu aliye ndani yake, ndipo uipambe. Na mwenzako akikuambia punguza, msikilize kabla hajaondoka. Mungu akupe jicho zuri na mkono usiochoka, na akuachie rafiki wa kukusahihisha.